Fani Imebaki, Maudhui Yanafutika: Uhakiki wa Mtaa wa Biryogo, Kigali

Likizo mbili zilizopita nilipata kibarua cha kuwatembeza wageni katika mtaa niliozaliwa. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Niliwapokea karibu na msikiti, nikawaonyesha barabara zilizopakwa rangi, tukaingia kwa fundi cherehani, tukanywa chai ya mnanaa, kisha nikamalizia kwa maneno niliyokuwa nimeyakariri: kwamba Biryogo ni mtaa mkongwe wa Waswahili, kwamba ndio moyo wa Kigali, na kwamba watu wa kila namna wanaishi hapa kwa amani. Wageni walifurahi, walipiga picha, na mara nyingi waliniachia chochote.

Siku moja mama mmoja mgeni aliniuliza kwa nini Waislamu wa zamani walichagua kukaa hapa wote pamoja badala ya kutawanyika mjini. Sikuwa na jibu, nikatunga. Nilimwambia walipenda kuwa karibu na msikiti wao. Jioni nilimsimulia bibi yangu, nikidhani atanisifu kwa wepesi wa ulimi. Bibi hakucheka. Aliniuliza, "Nani alichagua?" Kisha akaendelea kuchambua mchele.

Makala hii imetokana na swali hilo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumefundishwa kuhakiki kazi ya fasihi kwa kuangalia fani na maudhui, na tangu mwaka wa kwanza tumeonywa kwamba viwili hivi havitenganishwi. Anayesifu lugha tamu ya shairi bila kujua linasema nini hajahakiki, ameburudika tu. Najua mtaa si riwaya. Hauna mtunzi mmoja wala ukurasa wa mwisho. Lakini mtaa una mandhari, una wahusika, una lugha yake, na una mambo yaliyousababisha uwe ulivyo. Kwa hiyo unaweza kusomwa vizuri au vibaya.

Hoja yangu ni hii: Biryogo inasomwa vibaya siku hizi, na inasomwa vibaya na watu wanaoipenda. Inasifiwa na kutunzwa kwa fani yake, yaani rangi, chakula, adhana na kelele za biashara. Maudhui yake, yaani sababu zilizouunda mtaa na namna ya kuishi iliyotokana na sababu hizo, yanaachwa yafutike. Katika kosa hili mimi mwenyewe nimo, tena nililipwa.

Mtaa ulianzaje

Kwa msomaji asiyeijua Kigali, Biryogo ni sehemu ya Wilaya ya Nyarugenge, kwenye njia inayotoka katikati ya mji kuelekea Nyamirambo, chini ya Mlima Kigali. Mara nyingi watu husema "Nyamirambo" wakimaanisha upande huo wote, na Biryogo ikiwa ndani yake. Wazee wa kwetu hawakubali kuchanganya hivyo. Kwao Biryogo ni Biryogo.

Kigali kama mji ilianza mwaka 1907, Mjerumani Richard Kandt alipoweka kituo chake cha utawala. Rwanda wakati huo ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya kazi za serikali katika koloni hilo. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, wapagazi, makarani na wafanyabiashara waliotoka pwani na bara ya Tanganyika, wengi wao wakiwa Waislamu wanaozungumza Kiswahili. Hao ndio waliokuwa wenyeji wa mwanzo wa maisha ya mjini. Msikiti wa Al-Fat'h, ambao mwanzo wake huhesabiwa kuwa mwaka 1913, ni kumbukumbu ya kizazi hicho.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliwaondoa Wajerumani, na hapo hali ya Waswahili ikageuka. Elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, hasa ya Kikatoliki, na mtoto wa Kiislamu aliyetaka kuendelea na masomo mara nyingi alitakiwa kwanza abatizwe. Watawala wapya waliuogopa Uislamu kwa sababu waliuona kuwa dini ya watu wenye uhusiano na nje, wasiotegemea mfalme, chifu wala padri. Kiswahili kilihukumiwa pamoja na dini hiyo. Katika miji ya Ruanda-Urundi, Waislamu na wageni Waafrika waliwekwa katika makazi yao maalumu yaliyoitwa kambi za Waswahili. Bujumbura, iliyokuwa ikiitwa Usumbura, ilikuwa na yake, na Buyenzi ya leo imerithi historia hiyo. Kambi ya Kigali ilikuwa Biryogo. Mwislamu hakuwa huru kuhamia popote alipotaka. Kusafiri na kukaa nje ya kambi kulihitaji ruhusa ya maandishi.

Hili ndilo jibu la swali la yule mama mgeni, na ndilo lililomfanya bibi aulize nani alichagua. Baba yake bibi alikuwa utingo wa lori. Bibi anakumbuka kwamba karatasi ya ruhusa ilikaa ndani ya bati la chai juu ya kabati, na watoto walikatazwa kuligusa. Hakujua kusoma wakati huo. Alijua tu kwamba karatasi ile ikipotea baba haendi kazini.

Uhuru ulipokuja Julai 1962, Kigali ilikuwa mji mdogo wa watu wapatao 6,000. Sensa ya mwaka 2022 imehesabu zaidi ya milioni 1.7. Sehemu kubwa ya mji tunaouona leo ni mchanga kuliko bibi yangu. Kwa hiyo tunapoiita Biryogo "mtaa mkongwe" tunasema kweli. Ila tuseme pia kwamba ukongwe huo ulianza na uzio, uzio wa sheria ambao haukuhitaji miti wala waya.

Jina la Mswahili

Mahali popote Kiswahili kinapozungumzwa, neno "Mswahili" lina shida. Wenzetu wa Dar es Salaam wana "uswahilini", mitaa ya watu wa kawaida, kinyume cha "uzunguni". Husema pia "acha uswahili" kwa mtu mwenye maneno mengi. Kwetu Rwanda neno hili lilikuwa na uzito zaidi. Kumwita mtu Mswahili ilikuwa kusema kwamba ni Mwislamu, kwamba ni mtu wa mjini asiye na ng'ombe wala shamba, na kwamba ni mjanja asiyeaminika. Neno moja lilibeba dini, makazi, kazi na tabia.

Nilipokuwa sekondari, katika shule ambayo sitaitaja, mwalimu mmoja alikuwa na mzaha wake. Mwanafunzi akitoa udhuru wa kuchelewa, mwalimu aliliuliza darasa, "Huyu anatoka Biryogo?" Darasa lilicheka, nami nilicheka. Siku moja nilichelewa mimi, nikasema natoka Kimisagara. Nasimulia hili kwa sababu linahusu uhakiki. Miaka mitano baadaye nilikuwa nalipwa kuwaambia wageni kwamba Biryogo ni moyo wa Kigali. Mtaa ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni soko la sifa. Aibu iligeuka kuwa bidhaa bila mtu yeyote kueleza aibu ile ilitoka wapi.

Tukiifuata historia, hata ule "ujanja" wa Mswahili una maelezo. Mtu aliyenyimwa shule hakuweza kuwa karani wa serikali, na mtu aliyewekwa kambini hakuwa na shamba la kulima. Zilizobaki ni kazi za mikono, barabara na mizani: kushona, kuendesha magari, kutengeneza magari, kuchinja, kupika, kununua hapa na kuuza pale. Waswahili wakawa mafundi cherehani, madereva na wachuuzi. Kisha wakalaumiwa kwa kuwa mafundi cherehani, madereva na wachuuzi. Leo mgeni anaonyeshwa fundi cherehani wa Biryogo kama jambo la kupendeza, kana kwamba watu wa mtaa huu walizaliwa na uzi mkononi.

Uani

Nikiulizwa fani halisi ya Biryogo iko wapi, sitaonyesha barabarani. Nitafungua geti la bati na kumwonyesha mtu uani.

Makazi ya mtaa wetu yamejengwa kwa mtindo ambao kwa Kinyarwanda tunauita igipangu. Ni kiwanja kimoja kilichozungushiwa ukuta. Nyumba ya mwenye kiwanja iko mbele, na vyumba vya wapangaji vimepangwa mstari nyuma au pembeni, vikitazama uwanja mmoja wa katikati. Kwetu kuna vyumba vitano vya kupanga, bomba moja, choo kimoja, na mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Kuta za vyumba vya zamani ni za matofali ya udongo yaliyopigwa lipu, na paa ni la mabati. Kamba za nguo zinapita juu ya uwanja wote, hivyo kila mtu anajua nguo za kila mtu.

Sitaki kuupamba uwanja huu. Watu wanagombana kwa umeme kila mwisho wa wiki, hasa kama kuna mpangaji mwenye friji au pasi. Choo kimoja kwa watu zaidi ya ishirini si jambo la kusifia. Mvua ya Aprili ikinyesha, maji hutoka kwa jirani wa juu yakapita kwetu kwenda kwa jirani wa chini, na kila mmoja anamlaumu wa juu yake. Anayesema maisha haya ni ya ujamaa mtamu hajawahi kupanga foleni ya choo saa kumi na moja alfajiri.

Hata hivyo, uwanja huu una kazi ambayo vyumba peke yake haviwezi kuifanya. Mpangaji anayekuja kutoka kijijini bila ndugu mjini anapata hapa mtu wa kumwachia mtoto, mtu wa kumkopesha mkaa, na mtu wa kujua kwamba hakuamka leo. Kwetu wamepanga Wakristo na Waislamu, Wanyarwanda, Warundi na Wakongo. Mwezi wa Ramadhani futari inapelekwa vyumba vyote, na Krismasi sahani zinarudi zikiwa na chakula. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Watu waliofungiwa pamoja walilazimika kujifunza namna ya kuishi na asiye ndugu yao, na maarifa hayo yakawa mila. Hayo ndiyo maudhui ya Biryogo ninayoyatetea. Mtawala alitaka kutenga watu, na humo humo watu wakatengeneza ujirani.

Mila hiyo ilipimwa vibaya sana mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Inajulikana kwamba Waislamu wengi nchini walikataa kuua, wakawaficha waliokuwa wakiwindwa, na kwamba misikiti iliwapokea watu. Filamu iitwayo Kinyarwanda, iliyoongozwa na Alrick Brown na kutoka mwaka 2011, imejengwa juu ya habari za watu waliopata hifadhi katika msikiti wa Kigali. Ni filamu ninayoiheshimu, lakini kama mhakiki nina jambo moja la kuongeza. Msikiti unaonekana vizuri katika picha, una mnara na una kiongozi. Uwanja wa nyuma wa nyumba ya mjane hauonekani. Katika masimulizi ya nyumbani kwetu, kuficha mtu kulihitaji uwanja mzima unyamaze: wapangaji wote, watoto wote, kwa siku nyingi. Mtu mmoja jasiri hakutosha. Wakati huohuo lazima tuseme kwamba wapo Waislamu walioshiriki katika mauaji na wakahukumiwa. Anayesema mtaa wote ulikuwa safi anatunga, kama nilivyotunga mimi kwa yule mgeni. Tukigeuza wema wa wachache au wa wengi kuwa sifa ya jumla ya mtaa, tunaacha kuuliza swali lenye faida zaidi: ni mazingira gani yaliwasaidia watu kukataa? Kwa maoni yangu, uwanja wa pamoja ni sehemu ya jibu, ingawa si jibu lote.

Lugha ya mtaa

Kwa wanafunzi wenzangu sehemu hii inatuhusu zaidi. Biryogo ni miongoni mwa mahali pachache nchini ambapo Kiswahili kilibaki lugha ya nyumbani wakati shule hazikukifundisha na ofisi hazikukihitaji. Kilibaki katika madrasa, sokoni, katika gereji na kwenye magari ya safari ndefu. Baada ya 1994 waliorudi kutoka Tanzania, Uganda na Kongo walikileta kwa lafudhi nyingine. Kisha Rwanda ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi. Lugha iliyokuwa alama ya watu wasioaminika ikawa somo, ajira na shahada. Mimi ninaandika makala hii kwa sababu ya mabadiliko hayo, na nayashukuru.

Lakini tazama tunavyokitendea Kiswahili cha Biryogo ndani ya darasa letu. Bibi yangu husema "kurara" badala ya "kulala", kwa sababu Kinyarwanda hakitenganishi sauti hizo mbili kama Kiswahili sanifu. Huchanganya maneno ya Kinyarwanda na Kifaransa bila kuomba radhi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa namsahihisha mezani. Nilikuwa nimepata alama nzuri za fonolojia na nikaona nina mamlaka. Alinivumilia kama wiki mbili, kisha akaacha kuzungumza nami Kiswahili, akawa ananijibu kwa Kinyarwanda. Ilinichukua muda kutambua kwamba nilikuwa nimemfungia mlango wa lugha ambayo yeye aliilinda kabla haijawa na shahada.

Sisemi tuache usanifu. Mwalimu wa kesho lazima akijue Kiswahili sanifu, la sivyo hawezi kufundisha wala kutafsiri. Ninachosema ni kwamba tunajifunza lahaja za Mombasa, Pemba na Lamu kwa heshima, kama urithi, lakini Kiswahili cha Biryogo, cha Buyenzi na cha miji ya Kongo tunakitaja kama orodha ya makosa. Hayo ni mahakama mawili kwa kesi moja. Katika darasa letu wamo wanafunzi wengi wanaoweza kueleza historia ya Kiamu, na mmoja au wawili tu wanaoweza kueleza Kiswahili kilifikaje hatua chache kutoka kituo cha basi tunachoshukia.

Rangi na ghorofa

Sasa nirudi kwenye rangi. Miaka michache iliyopita, wakati wa janga la korona, sehemu ya barabara za Biryogo ilifungwa kwa magari ili mikahawa iweke meza nje. Lami ilipakwa rangi za kung'aa. Tangu hapo mahali hapo pamekuwa maarufu. Vijana wa mitaa mingine, waliokuwa wakitucheka, huja jioni kula mishikaki, chapati na viazi, na kunywa chai ya mnanaa.

Lazima niwe mwadilifu. Watoto wanacheza barabarani bila hofu ya pikipiki. Akina mama waliokuwa wakiuza uji kwenye beseni sasa wana meza. Ninao marafiki wanaolipa ada kwa kazi ya mikahawa hiyo. Mhakiki anayedharau kipato cha watu kwa sababu hapendi rangi ya lami hafai kusikilizwa.

Lawama yangu ni kwamba barabara ile inaongea bila kusema kitu. Unaweza kutembea kutoka mwanzo hadi mwisho, ukala, ukapiga picha, ukaondoka bila kuona mahali popote palipoandikwa kwamba hapa palikuwa kambi. Hakuna kibao kinachotaja karatasi za ruhusa. Kigali ina makumbusho katika nyumba inayohusishwa na Richard Kandt, na hilo ni jambo jema. Watu walioishi kambini nao wanastahili angalau maneno ya ukutani. Rangi peke yake ni takriri: inavutia jicho, inarudia, na inaishia hapohapo.

Jambo la pili ni ghorofa. Mpango Mkuu wa Jiji unaotazama mwaka 2050 unataka ardhi ya mjini itumike kwa msongamano mkubwa zaidi, na makazi yasiyopangwa yaboreshwe. Jirani yetu tu, katika Sekta ya Gitega, kuna mradi wa Mpazi. Mwenye kiwanja anakitoa, kisha anapewa nyumba ndani ya jengo la ghorofa hapohapo, kulingana na thamani ya mali yake. Kati ya njia zote za kuboresha mtaa wa zamani, naona hii ni bora kuliko kumpa mtu fidia na kumwambia aende pembezoni mwa mji. Watu wanabaki karibu na kazi yao, shule ya watoto wao na msikiti au kanisa lao. Wanapata vyoo na ngazi badala ya tope. Nani atapinga choo?

Lakini isome kwa jicho la uani. Hesabu inaanza na mwenye kiwanja. Katika uwanja wetu mwenye kiwanja ni mmoja, na wapangaji ni familia tano. Bibi akikitoa kiwanja, yeye atapata nyumba, pengine zaidi ya moja. Mama wa chumba cha tatu, aliyekaa kwetu tangu kabla sijazaliwa, hana kiwanja cha kutoa. Atatafuta chumba kingine cha bei ileile, na chumba cha bei ileile hakiko tena karibu na mji. Ndiyo maana nasema jengo linaweza kuhifadhi wenye mtaa na likaupoteza mtaa. Biryogo haikujengwa na wenye viwanja peke yao. Tangu mwanzo ilikuwa mahali pa kufikia kwa mtu asiye na kitu mjini, na vyumba vya uani ndivyo vilivyomruhusu afike.

Hili si jambo la nadharia nyumbani kwetu. Wajomba zangu wanataka kiwanja kiuzwe. Kuna mtu mwenye mikahawa ambaye ameulizia mara mbili. Mjomba mkubwa ana watoto wanne wanaosoma na hoja yake ni nzito. Husema, "Historia hailipi ada." Bibi hasemi ndiyo wala hapana. Mimi nilipoulizwa, kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba, nilianza kuzungumza juu ya urithi na utamaduni. Mjomba akaniuliza kama urithi huo ndio niliokuwa nikiwauzia wageni. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Hitimisho

Mhakiki hatakiwi kulalamika tu, aonyeshe pia njia. Sitaki Biryogo igeuzwe makumbusho, na sitaki bibi aendelee kupanga foleni ya choo ili mimi nipate mada ya kuandika. Napendekeza mambo matatu, na yote yanawezekana.

Kwanza, historia ya kambi iandikwe mtaani, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, mahali wageni wanapokunywa chai. Haitafukuza mgeni hata mmoja. Pili, wapangaji wahesabiwe. Kila mradi wa kuboresha mtaa wa zamani uanze kwa kuuliza nani analala hapa, si nani ana hati tu, na utenge vyumba vya kodi nafuu na uwanja wa pamoja ndani ya majengo mapya. Tatu, sisi wanafunzi wa Kiswahili twende tukarekodi. Wazee waliokumbuka karatasi za ruhusa wanapungua kila mwaka. Tunayo simu, tunayo lugha, na kila mwaka tunatafuta mada za tasnifu mbali wakati mada ziko uani.

Mimi nimeanza na uwanja wetu. Likizo hii nilimwomba bibi anisamehe kwa yale masahihisho, nikanunua daftari la kurasa 96. Kila jioni baada ya swala ya magharibi ananitajia watu waliowahi kupanga kwetu, chumba kwa chumba: nani alikuwa dereva, nani alishona sare za shule, nani aliondoka bila kulipa, nani alizaa mapacha usiku wa mvua. Ananitajia kwa Kiswahili chake, nami naandika kama anavyosema, "kurara" ikibaki "kurara". Tumefika chumba cha tatu, na daftari limejaa nusu. Kikao cha wajomba kuhusu kiwanja ni mwezi ujao. Bibi amesema daftari liletwe kikaoni na lisomwe kwanza, kabla mtu yeyote hajataja bei.